Ukurasa Uliorukwa

Walimu wenzake walimwita Mwalimu Kwaya, na yeye hakulikataa jina hilo hata siku moja. Angelikataaje? Darasa lake la pili lilisoma kwa sauti moja, na mtu akipita nje ya ukuta wa shule ilibidi asimame kidogo asikilize. Muuza mkaa alishaegesha baiskeli yake hapo mpaka kengele ya mapumziko ikamkuta. Watoto walianza pamoja, walipumua pamoja, walimaliza pamoja, na Mwalimu Kwaya alikuwa mbele yao akipiga mapigo kwa rula, macho yakiwa juu kwenye dari, uso unang'aa kwa raha. Shule ikipata mgeni yeyote, kituo cha kwanza kilikuwa darasa la pili. Ilikuwa ndiyo desturi, na desturi hiyo ilikuwa imezeeka pamoja na mwenyewe, aliyebakiza mwaka huo tu astaafu.

Kwa hiyo siku wakaguzi walipokuja, mwalimu mkuu hakujisumbua kufikiri. Alifunga tai yake ya maua, ile ya harusi na ya wageni wa serikali, akamwongoza mkuu wa wakaguzi moja kwa moja hadi mlango wa darasa la pili. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mpole kupita kiasi, mtu wa kuomba radhi hata kwa kiti alichokigonga. Aliketi nyuma, akasikiliza. Kisha akaomba, kwa adabu zote, akishike kitabu yeye mwenyewe mbele ya darasa.

Kitabu kilikuwa kikongwe cha shule, na mtu fulani alishakimwagia chai ya maziwa. Karatasi mbili zilikuwa zimegandana. Mkaguzi hakulijua hilo, akafunua, na karatasi zote mbili zikapita kwa mkupuo. Darasa likaangaliana uso kwa uso na picha kubwa ya mbuzi anayekula kofia ya mjomba.

"Haya, wanangu, tusomeeni."

Darasa likanguruma. "Mvua inanyesha! Mjomba anakimbia kuanua nguo! Shangazi anaita, mjomba, ndoo, ndoo!"

Mbuzi alikuwa anatafuna zake kofia. Hapakuwa na mvua katika ukurasa ule, wala nguo, wala ndoo. Mkaguzi alitazama picha, akatazama watoto, akarudi kwenye picha. Hakuwakatiza, aliwaacha wanyeshewe mpaka mwisho. Mwalimu Kwaya alikuwa pembeni na rula yake, anaimba nao neno kwa neno, macho darini kama kawaida yake, na moyoni anajisemea kwamba mgeni ameguswa, maana ametulia kweli.

Kisha mkaguzi akamwita mtoto mmoja aje mbele. Katika darasa zima, kidole chake kikamwangukia Chiriku.

Chiriku alikuwa mjukuu wa Mwalimu Kwaya. Jina hilo alipewa na babu yake, mume wa Mwalimu Kwaya, kwa sababu alikuwa anaongea tangu anaamka mpaka anapolala, na hata akishalala alikuwa na machache ya kuongezea. Mama yake alifanya kazi mji wa mbali. Alimwacha mtoto kwa bibi yake huyo mwalimu kwa moyo mweupe, akisema kwamba katika nyumba ya mwalimu mtoto hawezi kukosa kujua kusoma. Kila Jumapili alipiga simu, na kila Jumapili Chiriku alimsomea kitabu cha mjomba na shangazi, maneno yanateremka kama maji ya bomba, na mama huko aliko analia kwa furaha.

"Nisomee mstari huu wa chini kabisa," mkaguzi alimwambia.

Chiriku alichungulia. "Mbuzi," akasema. Akachungulia tena, akasema, "Mbuzi," kwa sauti ndogo zaidi. Kisha akageuza shingo akamtafuta bibi yake kwa macho.

"Amemwogopa mgeni," Mwalimu Kwaya alimnong'oneza mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akatikisa kichwa kukubali. Chiriku, aogope mgeni! Chiriku ambaye alishawahi kumfuata mtu wa kusoma mita ya maji nyumba hadi nyumba akimweleza habari za ukoo wao wote. Lakini mapenzi yana namna yake ya kufumba mtu macho, na bibi aliamini alichokisema.

Ripoti ilikuja baada ya wiki chache. Mwalimu mkuu aliwakusanya walimu wote ofisini, akaisoma kwa sauti. Vyoo vilisifiwa kidogo, bustani ikasifiwa, paa la stoo likalaumiwa. Halafu akafika mahali, akasita, akakohoa, na ikambidi aendelee.

"Wanafunzi wengi wa darasa la pili hawasomi, bali wanakariri. Ukurasa uliporukwa kwa bahati mbaya, darasa zima, pamoja na mwalimu wao, liliendelea na ukurasa ambao haukuwa mbele yao."

Mwalimu Kwaya alihisi masikio yanawaka moto. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba kuna ukurasa uliorukwa.

Kisha ofisi ikalipuka, na wote walilipuka kwa ajili yake.

"Yaani mama yule na upole wake wote, kumbe alikuwa anatuchimba!" alifoka Mwalimu wa Hesabu, kijana mwenye mori wa karibu, ambaye zamani naye alisomea darasa la pili lile lile, chini ya rula ile ile.

"Kitabu chenyewe kimegandana, kosa la nani?" alidakia mwalimu wa sayansi. "La chai!"

Mwalimu mkuu aliinua mkono. "Tulieni, walimu. Tumepewa nafasi ya kujibu kwa maandishi, na tutajibu. Tutasema kitabu kilikuwa na kasoro, na watoto waliingiwa na hofu. Tutaomba hoja hii ifutwe kabisa." Akamgeukia Mwalimu Kwaya, sauti ikalainika. "Mama, wewe umetulea hapa. Huwezi kuondoka na doa. Labda sisi tuwe tumekufa."

Wakapiga makofi. Mwalimu Kwaya alishukuru, na alishukuru kweli, maana si kila mtu anapata watu wa kumpigania akiwa amekaa kimya. Ila maneno yale manne, pamoja na mwalimu wao, yalikuwa yameshamwingia. Alitoka nayo getini, akatembea nayo barabarani, akafika nayo nyumbani.

Babu alikuwa barazani kwenye cherehani yake, anapunguza suruali ya mtu. Alikuwa fundi wa siku nyingi aliyestaafu mara kadhaa na mara zote akaghairi. Chiriku alikuwa amekaa chini karibu na miguu yake, anaokota vipande vya kitambaa na kumpa taarifa za shule nzima.

"Shikamoo Bibi! Au Mwalimu? Hapa ni Bibi, si ndiyo?"

"Marahaba. Hapa ni Bibi."

"Mke mwenzio leo amenichosha masikio," Babu alisema. "Kanieleza ugomvi wa kina nani sijui, mpaka nimeshona mfuko kwa nje."

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo Mwalimu Kwaya aliingia jikoni, akarudi na pakiti ya chumvi.

"Hebu nisomee hapa, mama."

"Chumvi," alisema Chiriku bila kupepesa.

"Na hapa chini yake?"

Chiriku aliigeuza pakiti, akaitazama upande huu na upande huu. "Chumvi... nzuri," akasema. "Chumvi nzuri ya kupikia." Hakuna kilichoandikwa hivyo. Palikuwa na jina la kiwanda na uzito tu.

Babu alianza kucheka, akamwona mkewe alivyo, akaacha. Mwalimu Kwaya alitoa kipande cha chaki kwenye mkoba, akachuchumaa, akaandika kwenye sakafu ya saruji, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: Babu anashona.

"Soma."

Chiriku alisimama wima, mikono nyuma, kifua mbele, kama alivyofundishwa. Akavuta pumzi. "Mjomba anakimbia," akasema kwa sauti kubwa na safi.

Mtoto aliwatazama mmoja baada ya mwingine, anasubiri asifiwe, maana siku zote alisifiwa. Mwalimu Kwaya alimvuta akamkumbatia, akaona aibu kuliko aibu yoyote aliyowahi kuionja, na chini ya aibu ile kulikuwa na woga. Mtoto alikuwa anakwenda darasa la tatu. Angefika huko na mjomba wake na shangazi yake, ambako hakuna mjomba wala shangazi, na nani angejua? Darasa zima lilikuwa linamficha, na darasa hilo alilitengeneza bibi yake mwenyewe kwa mikono yake.

"Babu wee," alisema baadaye, Chiriku alipokwenda kuoga. "Wanataka kuifuta ile hoja."

"Ukifutiwa, utafurahi?"

"Wenzangu watafurahi."

"Sikukuuliza wenzako," Babu alisema, akakata uzi kwa meno.

Kesho yake walimu walikutana tena, na mwalimu mkuu alikuwa ameshaandaa majibu marefu yenye maneno mazito. Alipomaliza kuyasoma akauliza kama kuna la kuongeza. Mwalimu Kwaya akasimama.

"Msiifute," alisema. "Mama yule amesema kweli. Jana nimemwandikia mjukuu wangu maneno mawili, akanisomea mengine kabisa. Huyo ndiye tunayesema anasoma kuliko wote. Sasa hao wengine je?" "Nawashukuru kwa kunipigania, wanangu, sitawasahau. Lakini mkinisafisha mimi, mtoto atabaki pale pale alipo. Naomba tuandike kwamba ni kweli, na tunaanza upya."

Mwalimu mkuu alilegeza tai. Mwalimu wa Hesabu alitoka nje kabla kikao hakijaisha. Wote walidhani amesusa. Kumbe alikuwa amekwenda darasa la nne, kwenye watoto wake wanaoimba jedwali la kuzidisha mpaka vioo vinatetemeka. Alirudi uso umemsawijika.

"Nimewauliza saba mara nane," alisema. "Hakuna aliyejibu. Wakaniomba waanzie saba mara moja, ndipo wafike."

Hapo hata aliyekuwa na hasira alicheka, na baada ya kicheko mambo yakawa mepesi. Majibu marefu yaliwekwa kando. Waliandika mengine mafupi, kwamba shule imekubali, na kwamba kila mwalimu, baada ya yule wa Hesabu, amekwenda kuangalia darasa lake na kukuta kasoro yake.

Shule ikanyamaza. Kwaya ya asubuhi ilikoma, na muuza mkaa akauliza getini kama kuna msiba. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe zamani alikuwa anamaliza kitabu kizima jioni moja, sasa anamaliza mstari mmoja, hayo ni maendeleo gani? Mwalimu Kwaya alimkaribisha akae darasani, ajionee.

Na cha kuona kilikuwepo. Mtoto alikuja mezani kwa mwalimu peke yake, akasoma kwa sauti ya kawaida. Kama leo alisoma kuanzia juu, kesho yake alisoma kuanzia chini. Kitabu cha mjomba kilifungiwa kabatini. Walisoma sabuni, viberiti, vibao vya milango, majina yao wenyewe yaliyochanganywa kwenye vikaratasi. Mwalimu Kwaya aliweka rula yake juu ya kabati, akajilazimisha kutazama kila herufi pamoja na mtoto, yeye ambaye kwa miaka alitazama dari.

Chiriku ndiye aliyeumia zaidi. Alizoea kuwa wa kwanza, na sasa watoto wasiomfikia hata kwa maneno walikuwa wanampita. Jioni moja alitupa kikaratasi chini akaangua kilio.

"Bibi, mbona mimi zamani nilikuwa najua, na sasa sijui tena?"

Swali hilo lilimchoma Mwalimu Kwaya kuliko ripoti. Alimpakata.

"Hukuwa unajua, mama. Ulikuwa unakumbuka. Na si kosa lako, ni mimi niliyekupa vya kukumbuka tu. Nisamehe."

Chiriku alifuta kamasi kwa mkono. "Watu wazima wanaombaga msamaha?"

"Wengine tunachelewa."

"Haya," alisema Chiriku, akaokota kikaratasi chake. Alikiangalia kwa muda mrefu, midomo inacheza. "Ka," akasema. "Ka... m... ba. Kamba?" Akainua uso. "Bibi, ni kamba! Ni kamba!" Akateremka, akakimbia barazani. "Babu, nimesoma kamba, hakuna mtu aliyeniambia!"

"Basi niletee hiyo kamba, nimfunge mke wangu mdogo asinitoroke," alisikika Babu, na cherehani ikasimama. Mwalimu Kwaya alibaki jikoni, ameshika ukingo wa meza, machozi yanamtoka na hataki kuyafuta.

Wakaguzi walirudi karibu na mwisho wa mwaka. Mkaguzi mpole alikaa mezani pembeni ya Mwalimu Kwaya, na watoto wakaja mmoja mmoja kusoma kitabu kipya alichokuja nacho mwenyewe, ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Walikwama, walirudi nyuma, walikosea wakajisahihisha. Wawili watatu walikuwa bado hawajafika, na Mwalimu Kwaya aliwataja mwenyewe kabla hajaulizwa, na akaeleza kila mmoja amekwamia wapi. Chiriku alisoma mistari yake jasho linamtoka puani, na alipomaliza akataka kujua kama mkaguzi ana watoto, na kama ana mume, na mume mwenyewe ni mtu wa namna gani.

Watoto walipotoka, Mwalimu Kwaya aliufunga mlango.

"Mama, nilitaka nikushukuru."

Mkaguzi aliduwaa. "Mimi?"

"Wewe. Wageni wote waliopita hapa walinipigia makofi. Wewe peke yako ulitazama kitabu. Ningestaafu nacheka, na mjukuu wangu angekwenda mbele hajui hata kusoma pakiti ya chumvi. Asante sana. Mungu akuweke."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kilemba chake.

"Kazi hii nimenuniwa, nimefungiwa geti, nimepewa soda ya moto," alisema. "Kushukuriwa, hapana. Nikuambie ukweli? Nilikaribia kutoandika. Mliimba vizuri mno, mwenyewe nilitaka nisikie tena." Wote wawili wakacheka, wakashikana mikono, na hakuna aliyeharakisha kuuachia wa mwenzake. Mkaguzi alipoondoka aliacha kile kitabu kipya mezani, kiwe cha Chiriku.

Jumapili simu ililia. Mwalimu Kwaya alikuwa hajamweleza binti yake lolote. Majuma yote yale Chiriku alikuwa akipewa simu, anaongea ya kwake mpaka salio linakata, na habari za kusoma zinapitwa kimyakimya. Siku hiyo aliiweka simu katikati ya meza ili wote wasikie, na Babu akasogeza kiti.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba. Chiriku wangu yupo? Hajanisomea siku nyingi. Nisomee ya mjomba, mama yangu, ile ya mvua."

"Leo nasoma nyingine," alisema Chiriku. Akafungua kitabu kipya, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. "Ka... ti... ka. Katika. Katika m... mji. Katika mji m... mmo..."

"Mama?" sauti ilisema kwenye simu. "Mama, mtandao wenu mbaya leo. Mtoto anakatikakatika."

Mwalimu Kwaya aliinamia simu. Alikuwa ameandaa maelezo marefu, kuanzia kwa mbuzi na kofia, na yote yalimtoka.

"Mtandao mzima, mwanangu," alisema. "Huyo ni mtoto wako, anasoma."

Simu ilinyamaza. Ilinyamaza mpaka Babu akaigusa kuona kama imekata. Kisha wakasikia mtu anavuta kamasi mbali huko.

"Mwambieni asiache," mama yake alisema. "Jamani, asiache. Nina salio."

Chiriku akalamba kidole, akafunua karatasi, akaipapasa kwanza kuhakikisha ni moja, akaendelea.